Kunenepesha ng'ombe wachache kama biashara ya pembeni, anza na watano

Hii ni kwa mtu mwenye ajira yake au duka lake, ana kaeneo nyuma ya nyumba au shambani na mtaji wa ng'ombe kama watano hivi, anataka kununua waliokonda, awalishe miezi mitatu kisha auze. Hapa hakuna ndama wala maziwa. Nazungumzia zaidi huku Shinyanga, Simiyu na Mwanza kwa sababu ng'ombe wapo wa kumwaga na viwanda vya kukamua mafuta ya pamba viko karibu, kwahiyo mashudu (makapi ya mbegu za pamba zilizokamuliwa) hulipii usafiri wa mbali. Ukiwa Moshi au Kilombero wewe utaegemea zaidi molasi (uji mzito mtamu unaobaki miwa ikitengenezwa sukari) maana viwanda vya sukari viko jirani.

Kabla hujachimba hata nguzo moja ya zizi, piga hesabu, na hapa ndo naomba usome taratibu. Watu wengi wanadhani faida inatoka kwenye kilo ulizoongeza. Chukua bei za mfano tu, zako utaziweka mwenyewe. Umenunua ng'ombe wa kilo 208, kila kilo ya uzito hai imekugharimu 3,500, hiyo ni 728,000. Chakula 2,800 kwa siku kwa siku 90 ni 252,000. Dawa, usafiri na kijana wa zizi weka 60,000. Jumla 1,040,000. Amefika kilo 270, yaani ameongeza kilo 62, karibu gramu 700 kwa siku, hapo umemlisha vizuri kabisa. Ukimuuza kwa bei ile ile ya 3,500 unapata 945,000, umekula hasara ya 95,000! Kilo 62 zina thamani ya 217,000 wakati chakula peke yake kimekula 252,000. Sasa mnunuzi akikupa 4,200 kwa kilo kwa sababu ng'ombe amejaa, unapata 1,134,000, faida 94,000. Umeona ilipotoka? Zile kilo 208 ulizonunua zikiwa za ng'ombe mkondefu nazo zimepanda bei, ndo zimekubeba. Kwahiyo kama huko kwenu mnunuzi halipi zaidi kwa ng'ombe aliyenona, na chakula huwezi kukishusha bei, usianze.

Ndo maana msimu una maana kubwa. Kiangazi kikikolea, Agosti mpaka Oktoba, malisho yanaisha na wafugaji wanapunguza mifugo, bei ya mkondefu inashuka. Ukinunua Septemba miezi mitatu inakupeleka Desemba, watu wanatafuta nyama ya sikukuu. Lakini chakula ukisubiri Septemba umechelewa, kila mtu anakitafuta. Majani ya mpunga yakusanye mara baada ya mavuno kabla hayajachomwa moto, mashudu nunua wakati viwanda vinakamua kwa wingi, hifadhi pakavu juu ya mbao, yakiota ukungu usimpe ng'ombe kabisa.

Mnadani sasa. Unamtaka aliyekonda kwa njaa, sio kwa ugonjwa, na tofauti inaonekana ukitulia. Wa njaa anatazama, masikio yanacheza, pua ina unyevunyevu, ukimwekea majani anakula. Mwenye kikohozi, anayetoa kamasi zito, macho yamezama, anaharisha au amevimba chini ya taya, muache hata akiuzwa bei ya kutupa. Wanaotoka mabonde ya mpunga wachunguze zaidi, wengi wana minyoo ya maini. Mfungue mdomo uangalie meno, anayefaa ni mwenye meno mawili mpaka manne ya kikubwa, umbo refu, mifupa mipana, hapo ana nafasi ya kujaza. Mzee ananenepa pia ila nyama yake haipati bei ya mbuchari mzuri. Hawa ng'ombe wetu wa asili wako vizuri tu kwa kazi hii, wanavumilia.

Usimkadirie kwa macho, madalali wanakuzidi. Beba tepu ya fundi cherehani, zungusha kifuani nyuma ya miguu ya mbele, halafu pima urefu kutoka ncha ya bega mpaka mfupa wa tako, zote kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawa kwa 10,840. Mzunguko 140 na urefu 115 inakuja kama kilo 208. Sio mzani, ila inatosha kukataa bei ya uongo. Dai risiti ya mnada na kibali cha kusafirisha, na usinunue uchochoroni ng'ombe asiye na karatasi hata kama ni rahisi namna gani.

Akifika muache apumzike, maji na majani makavu tu siku ya kwanza. Ng'ombe wageni wakae peke yao wiki mbili, mbali na mifugo uliyonayo, homa ya mapafu na miguu na midomo vinaingia zizini kwa njia hiyo. Dawa ya minyoo, kuogesha kwa ajili ya kupe, na chanjo muulize afisa mifugo wa kata maana inategemea eneo.

Chakula cha nguvu mpandishe polepole, kilo moja kwa siku mwanzoni, uongeze mpaka ifike kilo nne baada ya wiki mbili. Ukimmwagia pumba nyingi siku ya pili tumbo linachachuka, na anaweza kufa usiku huo huo. Mchanganyiko wa kilo 100 unaoeleweka ni pumba za mahindi 65, mashudu ya pamba 25, molasi 8, chumvi 1 na madini 1. Kama molasi huna ongeza pumba. Urea, ile ya mbolea ambayo wengine huichanganya kwenye chakula, nakuomba uiache kwanza, kosa dogo la kipimo linaua, mpaka uwe na mtu aliyesomea wa kukuelekeza. Juu ya huo mchanganyiko majani makavu yawepo muda wote, na maji asikose hata mchana mmoja, anaweza kunywa lita 25 hadi 40, na akikosa maji hataki kula, asipokula unalisha bure. Kivuli, sakafu isiyotuama tope, vihori vya kutosha ili mbabe asiwazuie wengine, basi, zizi la kifahari halihitajiki.

Pima kila wiki mbili uandike kwenye daftari. Nundu ikisimama, kidari kikijaa na yale mashimo pembeni ya mkia yakifukika, na daftari likaonyesha kasi imepungua, uza, kila siku unayoongeza hapo anakula faida. Tafuta mnunuzi mapema, mwezi mmoja kabla, ongea na mabuchari na hoteli za mjini, au mkiwa majirani watatu wanne jazeni lori pamoja mpeleke Pugu, mnada mkubwa wa mifugo Dar es Salaam. Na kama ulimchoma sindano ya antibayotiki soma lebo, siku za kusubiri ziishe ndo achinjwe, hiyo nyama wanakula watoto wa watu.