SOMO: Kusema "yangu" kwa Kiterena (soma kwanza, ndipo uulize)

Nimechoka kujibu swali hili kila mara, naliandika hapa yaishe. Kiterena ni lugha ya jamii ya Kiarawaki, wenyewe wako Mato Grosso do Sul, Brazili, pande za Miranda na Aquidauana.

1. Irabu ni a, e, i, o, u. Unazo tayari.

2. Alama ' ni kukata pumzi kooni. Emo'u: sema "emo", kata, malizia "u".

3. Neno likiwa tupu ni la yeye: emo'u (neno lake), owoku (nyumba yake), piho (alikwenda).

4. Hapa ndipo watu huanguka. "Yangu" (na "mimi" kwenye kitenzi) haina kiambishi. Unalipeleka neno puani, kuanzia mwanzo kwenda mwisho. Pua inapita kwenye irabu, m, n, w, y, r, l, hata kwenye ile '. Ikigonga p, t, k au s inakoma, na sauti iliyogongwa inageuka mb, nd, ng, nz. Kinachobaki baada ya hapo kinatoka mdomoni kama kawaida.

emo'u > ẽmõ'ũ (neno langu): hakuna cha kuizuia, neno zima puani (alama ~ juu ya herufi ni ya pua).
owoku > õwõngu (nyumba yangu): u ya mwisho si ya puani!
piho > mbiho (nilikwenda): kizuizi kiko mlangoni, kwa hiyo i na o hazikuguswa.

Onyo: mb hiyo ni ya "mbuzi", si ya "mbwa". Ukisema m-bi-ho, silabi tatu, umeharibu. Ng nayo ni ya "ngoma", si ya "ng'ombe". Na usiseme "owongu" kwa irabu kavu ukadhani ng imetosha. Pua inaanza na o ya kwanza.

5. "Yako": neno likianza kwa irabu isiyo i, tanguliza y. Yemo'u, neno lako. Yanayoanza kwa konsonanti au kwa i hubadili irabu za ndani. Hilo ni somo jingine.

MASWALI

Chapaa: Mkuu, kiambishi cha "yangu" ni n- au m-?
— Hatua ya 4.

Chapaa: Nimesoma, sijakiona.
— Kwa sababu hakipo.

Binti Pwani: Asante mwalimu. Kwa nini pua ivuke ' lakini ishindwe kwa k? Zote si zinafunga pumzi?
— Swali zuri sana, dada. Ili k ipasuke, hewa lazima ibanwe mdomoni, na ukiacha njia ya pua wazi inavujia huko. Ile ' hufungwa chini kabisa kooni, kabla hewa haijafika njia panda ya pua na mdomo, kwa hiyo kaakaa laini likikaa wazi halidhuru kitu. Mwanaisimu John Bendor-Samuel alieleza unazali huu (yaani huku kupeleka neno puani) mwaka 1960 kama sifa ya neno zima, si ya sauti mojamoja, na wanafonolojia (wataalamu wa mifumo ya sauti za lugha) wanautumia kufundishia mpaka leo. Jaribu mwenyewe: arine ni ugonjwa. "Ugonjwa wangu" utasemaje?

Binti Pwani: Ãrĩnẽ, yote puani?
— Yote, na r yenyewe. Umeiva.

Mzee Kobe: Umekosea. Wenyewe wanaandika óvoku, si owoku.
— Sijakosea, mzee wangu. Tahajia yao inatumia v, mimi nimeandika sauti. Ile alama juu ya o ni ya mkazo, haihusiani na pua.

Fundi Saa: Na sh inakuwaje?
— Inageuka nž, yaani n ikifuatwa na sh yenye mtetemo, kama j ya Kireno. Iwu'isho (anapanda mnyama) > ĩwũ'ĩnžo. Hapa Kiswahili hakikusaidii, fanya mazoezi.

Chapaa: Hizo ẽ na ũ unaziandikaje kwenye simu? Kibodi ya Kireno ina ã na õ tu.
— Leo umeuliza la maana. Weka kibodi ya Kivietinamu, zote zimo.