Namna ya Kula Barabarani Mumbai, Kuanzia Chai ya Alfajiri Hadi Puri ya Mwisho

Mwongozo huu nimewaandikia wale watakaokaa Mumbai kwa wiki au miezi, wawe wamekwenda kusoma, kufanya biashara au kumuuguza ndugu. Mgeni wa siku mbili atashiba hotelini na kuondoka, lakini anayekaa hana budi kujifunza kula kama wenyeji, yaani akiwa amesimama, karibu na kituo cha treni, na kwa kufuata saa. Mimi niliishi katika chumba cha kupanga eneo la Dadar, nikauona msimu mzima wa mvua na miezi kadhaa baada yake, na nilichojifunza kuliko yote ni kwamba katika mji ule kila chakula kina saa yake. Ukikifuata katika saa yake utakikuta cha moto, kimepikwa muda huo huo, na kimezungukwa na watu. Ukikitafuta nje ya saa hiyo utauziwa kilicholala, na kesho yake tumbo litakukumbusha.

Anza siku kwa chai ya kibandani. Kibanda chenyewe huitwa tapri, nawe hutapata shida kukitambua, kwa sababu kuanzia saa kumi na mbili asubuhi kimezungukwa na madereva wa teksi, wauza magazeti na wafagiaji wanaomaliza zamu. Muuzaji huchemsha maziwa, majani ya chai, sukari, tangawizi iliyopondwa na iliki katika sufuria moja, anaiacha chai ifoke na kushuka mara mbili tatu, kisha anaichuja kwa kitambaa. Usiagize kikombe kizima. Agiza "cutting", yaani nusu glasi, ambayo ndiyo kipimo cha Mumbai: inanyweka ikiwa moto mpaka tone la mwisho, bei yake ni kama rupia 10 au 15, na unaweza kurudi tena baada ya saa mbili bila kuona umezidisha. Glasi yake ni ndogo na nene. Ishike juu kabisa, kwenye ukingo, kwa kidole gumba na kidole cha shahada, kwa kuwa kwa chini haishikiki.

Ukipata asubuhi isiyo na haraka, kanywe chai hiyo mara moja katika mmoja wa migahawa ya Wairani, iliyoanzishwa na Wazoroasta, wafuasi wa dini ya kale ya Uajemi, waliohamia mjini hapo kutoka huko. Kyani & Co., iliyoko Marine Lines karibu na sinema ya Metro, ipo tangu mwaka 1904. Agiza bun maska, mkate laini wa mviringo uliopasuliwa na kujazwa siagi, uuchovye kwenye chai kipande kwa kipande. Usiogope matone ya siagi yanayoelea juu ya chai, maana hayo ndiyo waliyoyafuata wote waliokaa meza za jirani.

Kabla hujaagiza kitu cha pili, jifunze namna ya kumwita anayekuuzia, kwa sababu huduma ya Mumbai hufuata wito. "Bhaiya", neno la Kihindi lenye maana ya kaka, linaeleweka kila mahali, lakini lugha ya jimbo la Maharashtra ni Kimarathi, na ukitumia maneno yake utaona uso wa muuzaji ukikunjuka. Hapa ndipo mtu wa Kiswahili anapopaswa kutulia. Katika Kimarathi, "kaka" ni baba mdogo, hivyo humwita kaka mwanamume wa rika la baba yako. "Dada" ni kaka mkubwa, mwanamume kabisa. Na dada mkubwa wa kike ni "tai". Niliposikia kwa mara ya kwanza msichana akimwita "dada" muuza matunda mwenye masharubu mazito nilidhani nimesikia vibaya, mpaka nilipomsikia na wa pili. Kwa upande mwingine kuna neno ambalo halitakupotosha: "bas" ni basi, lile lile tunalolijua, na utalihitaji sana mchana.

Sasa tuje kwenye vada pav, chakula ambacho ukikijua umeijua nusu ya Mumbai. Inasimuliwa kwamba kilianza mwaka 1966 nje ya kituo cha Dadar, katika kibanda cha Ashok Vaidya, ambaye aliwauzia abiria waliokuwa wakipita mbio kati ya treni na treni. Pav ni mkate mdogo laini, na jina lake limetokana na neno la Kireno la mkate. Vada ni tonge la viazi vilivyochemshwa na kupondwa pamoja na manjano, haradali, kitunguu saumu, pilipili mbichi na majani ya mchuzi, likachovywa katika uji mzito wa unga wa dengu na kukaangwa. Mtazame muuzaji mikono. Anaupasua mkate bila kuutenganisha, anapaka chatini ya kijani upande mmoja na ya ukwaju upande wa pili, ananyunyizia unga mwekundu wa kitunguu saumu, nazi na pilipili, anabana vada katikati, na pembeni anakuwekea pilipili nzima ya kijani iliyokaangwa na kutiwa chumvi. Kazi yote hiyo inakwisha kabla hujatoa pochi mfukoni, na ndiyo maana pesa inapaswa kuwa mkononi mapema. Vibanda vingi huuza kwa rupia kati ya 15 na 25.

Namna ya kuchagua kibanda ni hii. Usiangalie ubao wa jina wala taa, angalia karai. Pale ambapo vada zinatolewa kwenye mafuta na kwisha kabla ya nyingine kuingia, simama. Pale ambapo zimerundikwa kwenye sinia na zimeanza kukunjamana, pita. Ukikuta zimebaki mbili tatu za zamani, omba kwa upole usubiri karai linalofuata, na hakuna atakayeona ajabu. Foleni yake si mstari, ni nusu duara ya mikono, na mtu akipitisha mkono juu ya bega lako hajakudharau. Nawe nyosha mkono wako, taja idadi, na kama unabeba useme "parcel", neno linaloeleweka India nzima kwa chakula cha kuondoka nacho.

Usile ndani ya treni wakati wa msongamano. Asubuhi umati unaelekea kusini, kwenye maofisi ya Churchgate na kituo kikuu cha Chhatrapati Shivaji Maharaj, na jioni unarudi kaskazini. Katika saa hizo mikono yote miwili ina kazi ya kujishikilia. Panda baada ya saa nne asubuhi, nawe utapata nafasi ya kuona kitu ambacho hakuna mpenda chakula anayepaswa kukikosa. Karibu na saa tano na nusu simama nje ya kituo cha Churchgate na uwatazame dabbawala, wabeba vyakula wenye kofia nyeupe, wakishusha trei ndefu za mbao zilizopangwa makopo ya chakula kilichopikwa majumbani. Kazi hiyo ipo tangu mwaka 1890. Kila kopo lina alama za rangi, herufi na tarakimu juu ya kifuniko, zinazoonyesha limetoka kituo gani, linashuka wapi, na linapanda ghorofa ya ngapi ya jengo lipi. Wanayapanga upya pale pale ukingoni mwa barabara, kila mmoja anachukua fungu lake, na baada ya dakika chache wote wametawanyika. Ukiwatazama, simama mbali na njia yao, kwa sababu muda wao umepimwa na kuna mtu ofisini anayesubiri chapati za nyumbani kwake.

Mchana ni wakati wa thali, sinia la chuma lenye vibakuli vya dengu, mboga, mtindi, achari na kitu kitamu, pamoja na chapati na wali. Katika migahawa ya Kigujarati unalipa mara moja na unaongezewa mpaka ukatae. Hapo ndipo penye kazi ya neno "bas", ila neno peke yake halitoshi. Funika sinia kwa kiganja, bila kuligusa, ndipo mhudumu atakapoamini. Kula kwa mkono wa kulia. Chupa ya maji ikiwa ni ya wote, usiitie mdomoni, bali inua na umimine kutoka juu, kwa sababu kitu kilichoguswa na mdomo wa mtu huitwa jutha na hakipewi mwingine. Binafsi naona adabu hii ni nzuri sana, na nimeiendeleza nyumbani kwangu.

Mgahawa wenye maandishi "pure veg" hauuzi nyama, samaki wala mayai, na usiingie nayo mkononi. Katika vyakula vya pakiti, nukta ya kijani ndani ya mraba ni alama ya chakula kisicho na nyama, na alama ya kahawia ni ya chakula chenye nyama. Utasikia pia watu wakiagiza "Jain", jina la wafuasi wa dini ya Ujaini: maana yake ni kwamba chakula kisitiwe kitunguu, kitunguu saumu wala chochote kilichochimbwa chini ya ardhi, na wapishi wa Mumbai wamelizoea agizo hili kiasi kwamba huweka ndizi mbichi badala ya viazi. Kuhusu nyama ya ng'ombe, usiiulizie. Tangu mwaka 2015 sheria ya Maharashtra inakataza kuchinja hata fahali na maksai.

Kati ya Juni na Septemba mvua hubadilisha ratiba yote. Barabara hujaa maji, treni hukawia, na saa kumi jioni mji mzima hutamani vitu viwili. Cha kwanza ni bajia za kitunguu, zinazoitwa kanda bhaji, pamoja na chai. Cha pili ni hindi la kuchoma la pale Marine Drive, ambapo muuzaji anapepea makaa chini ya mwavuli, kisha anachukua nusu ya ndimu, anaichovya katika chumvi na pilipili ya unga, na kulisugua hindi kutoka mwanzo hadi mwisho huku mawimbi yakipiga ukuta nyuma yake. Mwombe achague hindi changa, na ulile hapo hapo ukitazama bahari. Kama ningeambiwa nirudi Mumbai kwa saa moja tu, ningeichagua saa hiyo.

Ukiangukia mwezi wa Ramadhani, nenda Mohammed Ali Road baada ya futari, karibu na Msikiti wa Minara, ukajaribu mishikaki na malpua, chapati nene ya mayai inayokaangwa na kuliwa na malai, yaani krimu ya maziwa. Nenda bila gari, maana hakuna pa kuliweka.

Kuhusu malipo, tangu mfumo wa UPI, wa kulipa kwa simu, uanzishwe mwaka 2016 hata muuza ndimu ana karatasi ya kuskani kwa simu, na vibandani utasikia kisanduku kidogo kikitangaza kwa sauti kiasi kilichoingia. Kwa mgeni asiye na mfumo huo njia rahisi ni noti ndogo za 10, 20 na 50. Ukitoa noti ya 500 kununua chai, utawasimamisha watu wote walio nyuma yako.

Pani puri nimeiweka mwisho kwa sababu inafaa kuliwa magharibi, na kwa sababu haifai kuharakishwa na mgeni. Pani ni maji, na maji hayo hayachemshwi. Wiki mbili za kwanza kula vilivyotoka motoni tu, weka chumbani pakiti za ORS, ile dawa ya kuchanganya na maji ukiharisha, kisha utafute kibanda ambacho mitungi ya maji ya kununua iko wazi mbele ya macho na muuzaji amevaa glavu. Delhi wanaiita golgappa, na Kolkata wanaiita phuchka.

Ingia kwenye duara na uchukue bakuli lako la majani makavu au karatasi. Utaulizwa "tikha" au "mitha", yaani kali au tamu; sema "medium" mpaka ujijue. Muuzaji huchukua puri, kiputo cha unga kilichokaangwa hadi kikavimba na kuwa chepesi kama ganda la yai, anakitoboa kwa kidole gumba, anatia njegere nyeupe za moto na tone la ukwaju, anakizamisha katika maji ya kijani ya nanaa na pilipili, na kukuwekea mbele yako. Una sekunde chache tu. Inua, fungua mdomo vizuri, na uitie nzima, kwa sababu ukiimega maji yote yatakwenda kwenye shati. Usizungumze mpaka umeze. Mkono wake utakuwa umeshazunguka kwa watu watano na kurudi kwako, na katika mzunguko huo anakumbuka nani alitaka kali, nani tamu, na kila mmoja amefika ya ngapi kati ya sita.

Ya sita ikiisha usiondoke. Nyosha bakuli tena na useme "sukhi puri". Atakupa moja kavu, isiyo na maji, yenye viazi na chatini kidogo, na hiyo haina malipo. Ile taratibu, kisha tupa bakuli kwenye pipa lililo chini ya meza na umpishe anayesubiri.