SOMO: Kutoka kuchora mabango hadi kulipwa kwa katuni, bila chuo

Wadau, wiki hii pekee nimeulizwa mara saba "mkuu, uliingiaje kwenye animesheni?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia uzi huu. Nipo Bagamoyo, nilianza na mabango ya saluni na turubai za kuwauzia watalii Mji Mkongwe. Sikusomea.

1. Chora kila siku. Halina maelezo.

2. Chagua programu moja: Krita, OpenToonz au Blender. Zote bure. Huna laptopu, anza na FlipaClip kwenye simu.

3. Dundisha mpira. Sekunde moja ni fremu 24 (fremu ni picha moja moja zinazopita haraka), ila wengi tunachora 12, kila mchoro unakaa fremu mbili. Chora mpira wa plastiki, kisha wa matambara, kisha nazi ikianguka. Mtu akitazama ajue kipi kizito bila kuambiwa.

4. Mtembeze mtu. Mwezi mzima, usikimbilie hadithi.

5. Video ya kazi zako. Hapa nilichemka, soma taratibu. Niliunganisha dakika 4: jua likichomoza baharini, magofu ya Kaole, bibi amejifunga kanga, taarabu ikipiga. Kamera inapita, picha zimekaa tu. Nikatuma studio moja ya Dar. Baada ya wiki tatu ukaja mstari mmoja: "Michoro mizuri. Kuna kinachotembea?" Nilinuna mwezi. Siku moja nimekaa soko la samaki nachora wachukuzi, nikamwona jamaa na tenga kichwani: kabla hajanyanyua mguu, nyonga imeshahamia upande wa pili. Shingo imetulia, magoti ndiyo yanakula uzito. Bibi yangu wa kanga angejaribu kupiga hatua moja angeanguka kifudifudi.

ONYO: isizidi dakika moja. Kazi bora ianze, maana wengi hawafiki mwisho. Usiweke zoezi ulilofuata hatua kwa hatua kwenye video ya mtu, wanaoajiri wameshaliona hadi wamelichoka. Mlifanya wawili? Andika wewe ulifanya nini. Na usiambatishe faili la MB 300 kwenye barua pepe, pandisha YouTube utume kiungo.

6. Kazi ya kwanza: nusu ya malipo kabla, na idadi ya marekebisho iandikwe.

MASWALI

Kijana wa Magomeni: Mkuu, programu gani inafaa?

Mimi: Hatua ya 2.

Kijana wa Magomeni: Nimeona, samahani. Ila Blender si ya kujifunzia tu?

Mimi: Flow, filamu ya Latvia ya 2024, imetengenezwa kwa Blender na ikachukua Oscar 2025. Ni kweli studio nyingi zina programu za kulipia, lakini ukifika huko utajifunza vitufe. Uzito wa nazi ni ule ule.

Fupi Tu: Uzi mrefu huu, fupisha. Halafu unalipwa shingapi?

Mimi: Mpaka mpira wako udunde ndiyo tuongee hela.

Fupi Tu: Mbona mkali?

Mimi: Nimeandika huu uzi umeme umekatika mara mbili. Soma.

Ukwaju: Shikamoo kaka. Nafundisha chekechea Tanga, nachorea watoto hadithi. Wahusika wangu wakiongea ni kama wanatafuna. Nafuata chati ya midomo ya mtandaoni.

Mimi: Marahaba dada, hili ndilo swali. Chati nyingi zimepangwa kwa Kiingereza. Sisi tuna irabu 5, na silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu. Chora midomo 7 tu: a, e, i, o, u, uliofungwa wa m, b, p, na wa f na v, meno ya juu yakigusa mdomo wa chini. Kutafuna kunatokana na kuchora kila silabi. "Ninakupenda": "nina" mdomo uwe mdogo, "ku" ujikunje kidogo, kisha kwenye p ufunge kabisa, halafu "pe" ufunguke vizuri kwa sababu mkazo uko hapo. Ufunge fremu moja au mbili kabla ya sauti kusikika.

Ukwaju: Na "mb" ya mbuzi?

Mimi: Funga, shikilia zaidi kidogo kuliko p, kisha ruka moja kwa moja kwenye u.

Kijana wa Magomeni: Umeme ukikatika katikati ya kazi mnafanyaje?

Mimi: Hifadhi kila ukimaliza mchoro, kwa jina jipya: mbuzi_01, mbuzi_02. Jioni weka kwenye flashi. Faili likiharibika unapoteza saa moja, si wiki.

Ukwaju: Nimejaribu mbuzi. Ameacha kutafuna!

Mimi: Pandisha tuone. Na magoti yake yamekaaje?