Kumpeleka bibi na wajukuu Haller Park: hatua kwa hatua

Kazi yangu ni kutembeza wageni, na familia nyingi huniuliza ni wapi Mombasa bibi mwenye magoti mabovu na kijana wa darasa la nane wanaweza kuona wanyama pamoja, wote wakafurahi. Huwaelekeza Haller Park, Bamburi. Njia ni tambarare, kivuli kipo, na wanyama wako karibu. Sharti ni moja: siku yote iende kwa mwendo wa bibi.

Hatua ya 1: Ongea na bibi siku moja kabla. Muulize kuhusu magoti, dawa na saa zake za kula. Usingoje aseme amechoka, kwa maana wazee wetu watakwambia "niko sawa, mwanangu" huku wamejishika kiuno. Dawa za presha au sukari zikae kwenye mkoba wa mtu mmoja anayejulikana. Avae viatu vilivyoshika kisigino. Kama mnacho kiti cha kukunja, kibebeni.

Hatua ya 2: Chagueni saa. Ulizeni mapema twiga na viboko wanalishwa saa ngapi, kisha mpange ziara kufuata saa hizo. Mimi napendelea alasiri, jua likishapoa. Kiboko akiwa hana haja ya kutoka majini, mtoto ataona pua na masikio tu. Akiitwa kula, anapanda nchi kavu mwili mzima. Epukeni sikukuu, watu huwa wengi mno. Watu wazima wabebe vitambulisho, maana ada ya mwananchi si sawa na ya mgeni. Matatu za Mtwapa hupita barabarani hapo, lakini kwa ajili ya bibi ni bora tuktuk iwashushe langoni.

Hatua ya 3: Mpeni kijana mkubwa jukumu. Wa miaka 13 akitendewa kama mdogo wake atanuna mpaka jioni. Awe mshika mkono wa bibi na mpiga picha. Huyo mdogo abebe maji.

Hatua ya 4: Twiga. Hapa msiharakishe. Mtoto anyooshe kiganja, chakula kikae katikati, vidole vishuke chini. Twiga hana meno ya mbele juu, kwa hiyo hutumia ulimi: mrefu kama sentimita 45, rangi ya zambarau iliyokolea hadi kuwa nyeusi, mkavu kidogo mwanzo halafu mate tele. Mtoto anayeogopa asilazimishwe. Bibi akilisha kwanza, mara nyingi mjukuu hufuata mwenyewe.

Hatua ya 5: Kobe, na bibi asimulie. Kobe wakubwa wa Aldabra, kisiwa cha Ushelisheli, huweza kuishi zaidi ya miaka 100. Tafuteni mahali bibi akae, kisha mwombeni awaeleze wajukuu habari za Desemba 2004, tsunami ilipofika Pwani yetu. Mtoto wa kiboko alikwama baharini Malindi, ametengana na wenzake. Watu walimwokoa kwa nyavu, akaletwa hapa, akapewa jina Owen. Alimkimbilia kobe mzee aliyeitwa Mzee, akawa anakula naye na kulala ubavuni mwake. Mtu mzima anayekumbuka siku zile atalisimulia jambo hili vizuri kuliko mimi, na kuliko kibao chochote.

Hatua ya 6: Waonyesheni ardhi. Watoto wengi hupita bila kujua kwamba msitu huu ulikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, jangwa la matumbawe. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, alianza kupanda miti, na mvinje ndio ulioshika vizuri. Majani yake membamba yalirundikana bila kuoza, hadi majongoo yalipoletwa kuyala na kuyageuza udongo. Mwambieni mtoto afukue kidogo kwa kijiti chini ya mvinje, aone rangi inavyobadilika kutoka majani makavu hadi udongo mweusi. Kijana wa sayansi hapa ndipo huanza kuuliza maswali.

Hatua ya 7: Chakula. Mahamri na viazi karai vikae ndani ya mfuko uliofungwa hadi mketi. Tumbili hawaombi, wananyakua, na hulenga mkono wa mtoto. Msiwarushie hata kipande.

Mamba waacheni mwisho. Hulala bila kutikisika, na bibi akiwa amechoka hamtapoteza kitu mkiwaruka. Mtu mmoja atangulie nje kuita tuktuk, wengine wabaki na bibi kivulini mpaka ifike.