Somo: Kulegeza mkono uliokakamaa baada ya kiharusi kwa kifaa cha umeme cha kuvaliwa

Wengi mnaowauguza wazazi waliopata kiharusi, kuanzia Igoma hadi Nansio mkoani Mwanza, mmeniuliza kuhusu vifaa vya umeme vinavyovaliwa ili kulegeza misuli. Kimojawapo kinachozungumzwa sana ni vazi la mwili mzima lililobuniwa Uswidi, lenye elektrodi 58 (vipande vinavyopitisha umeme kwenye ngozi) ndani yake, ambalo huvaliwa kwa saa moja hivi, kwa kuruka siku moja. Tafiti zilizolilinganisha likiwa limewashwa na likiwa limezimwa zimetoa majibu yanayopingana, kwa hiyo nisingependa familia iuze ng'ombe kwa ajili yake. Somo hili linahusu kifaa kidogo cha betri chenye vibandiko au mkanda wa mkononi, ambacho mtaalamu wa fiziotherapia amekwisha kukupangia viwango vyake na kumpima mgonjwa wako.

Hatua ya kwanza: tafuta kinachouchokoza mwili. Mkono uliokuwa ukifunguka juzi na leo umejifunga ngumi una sababu: huenda ni maambukizi ya mkojo, choo kigumu, kidonda cha kulala muda mrefu au ukucha ulioingia nyamani. Fungua vidole polepole, ukianzia na gumba, kisha ukague kiganja. Mara nyingi nakuta alama za kucha zimejichora kwenye ngozi iliyolowa jasho na kuanza kunuka, na mgonjwa hawezi kusema kwamba anaumia kwa sababu kiharusi kimemnyang'anya maneno. Osha, kausha vizuri katikati ya vidole, kata kucha. Umeme hautashinda maumivu ambayo hayajaondolewa.

Hatua ya pili: hakikisha anaruhusiwa. Mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo au pampu ya dawa iliyopandikizwa mwilini asitumie. Mjamzito, mwenye kifafa na mwenye saratani wamwone daktari kwanza. Usibandike kamwe mbele ya shingo, kifuani, juu ya kidonda wala mahali ambapo ngozi haina hisia.

Hatua ya tatu: bandika upande wa pili. Watu wengi hukimbilia msuli uliokaza, ilhali mkono unaojikunja kwa kawaida hubandikwa upande wa nyuma wa kigasha, kwenye misuli inayonyoosha kifundo cha mkono na vidole. Misuli hufanya kazi kwa jozi: unapoamshwa ule unaonyoosha, uti wa mgongo huutuliza ule unaokunja. Mwingereza Charles Sherrington, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1932, ndiye aliyeueleza vizuri utaratibu huu, na kiharusi huudhoofisha. Ngozi ioshwe kwa sabuni na isipakwe mafuta, kwa maana kibandiko kilichoshika nusu hukusanya umeme sehemu moja na kuunguza.

Hatua ya nne: washa kutoka sifuri. Pandisha kidogo kidogo hadi mgonjwa ahisi msisimko mwepesi kama ganzi inayoachia, bila vidole kucheza. Dakika 30 zinatosha kuanzia. Zima kabla ya kubandua. Wekundu usiotoweka baada ya saa moja ni sababu ya kuacha na kurudi kwa mtaalamu.

Hatua ya tano: tumia nafasi hiyo. Hii ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote. Utulivu unaopatikana mara nyingi ni wa saa chache, na ukipita bila mazoezi hamjapata kitu. Nyoosha kiganja taratibu, kisha mpe mkono kazi anayoijua: kushika kikombe, kumenya ndizi, kukunja kanga.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo daktari. Baba ni mvuvi hapa Kayenze na ameanza kurudi mtumbwini. Anaweza kukivaa akiwa kazini?*

Marahaba, mwanangu. Hapana. Maji na umeme wa kwenye ngozi havipatani, na mkono unaosisimka haufai kushika kasia. Avae nyumbani, ameketi.

*Je, mashine za kupunguza tumbo zinazouzwa madukani zinafaa?*

Hazifai. Nyingi zimetengenezwa ili kuubana msuli kwa nguvu, na mbano huo unaweza kuuchochea mkono ujikunje zaidi.

*Mwanangu ana mtindio wa ubongo, miguu inapishana kama mkasi. Nifuate hatua hizi hizi?*

Usianze peke yako, dada. Nyonga za watoto wa aina hii huweza kuteguka polepole bila dalili za wazi, hivyo zinahitaji kupimwa kwanza. Mpeleke idara ya fiziotherapia, Hospitali ya Bugando, Mwanza.

*Mama amelegea vizuri tangu tuanze. Tumwachishe baclofen, ile dawa yake ya kulegeza misuli?*

Msiiache ghafla hata kama mkono umefunguka kabisa. Kuikatisha kwa mara moja kunaweza kuleta degedege, kuona vitu visivyokuwepo na kukaza kuliko kwa awali. Daktari aliyeiandika ndiye atakayepunguza dozi, hatua kwa hatua, nanyi mwelezeni mnachokiona nyumbani.