Kutembeza watoto Lamu bila kumaliza mfuko: uliza maji kwanza

Kila likizo ya Agosti na Disemba nyumba yangu hapa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, hugeuka gesti. Wifi zangu wanashuka kutoka Nairobi na watoto wao, Disemba iliyopita walikuwa watoto saba kwa mpigo, na kazi ya kuwatembeza ni yangu. Watu huniuliza unawezaje, Lamu si ghali? Ghali ni ile Lamu unayouziwa ndo kwanza unashuka gatini na begi begani, watoto wanalia njaa na vijana watatu wanakuvuta huku na huku. Mimi nafanya hivi.

Hatua ya 1: Uliza maji kabla ya kuuliza bei

Huku kila kitu kinafuata maji. Kwenda kijiji cha Shela kwa miguu ufukweni unataka maji yamekupwa, kuingia Takwa, yale magofu ya kisiwa cha Manda, unataka yamejaa, na ukikosea utalipa boti ambayo hukuwa na haja nayo. Hesabu niliyofunzwa na mume wangu ni hii: mwezi ukiandama au ukiwa mpevu maji hujaa saa kumi hivi, alfajiri na alasiri, na kupwa ni saa nne hivi. Halafu kila siku yanachelewa kama dakika 50, kwa hivyo baada ya wiki mambo yamepinduka, saa nne ya asubuhi ndo yamejaa. Kalenda ya Kiislamu ukutani inatosha, na ukiwa huna muulize mvuvi yeyote pale gatini, hiyo hakuuzii mtu.

Hatua ya 2: Siku ya kwanza msipande chombo chochote

Watoto wamechoka na basi mpaka Mokowe, gati ya bara, bado wakavuka na boti, waacheni watembee tu. Anzeni ngomeni, ile ilimalizwa kujengwa karibu na 1821 na ikawa jela mpaka 1984, na habari ya jela ndo watoto wanaitaka, ukiwaambia ni historia ya mji wanakodoa macho tu. Pandeni mpaka juu muone mabati ya soko na Mkunguni yote, ule uwanja wa mbele ya ngome. Halafu makumbusho ya ufukweni, humo muulizeni siwa, yale mabaragumu makubwa ya zamani, kuna ya pembe ya ndovu iliyotoka Pate na nyengine ya shaba. Wakenya tunalipa kidogo kuliko wageni wa nje na watoto chini zaidi, kwa hivyo bebeni vitambulisho, na simu iwe na pesa.

Lakini kwa kweli kinachowapendeza zaidi hakina tiketi. Kuna zahanati ya punda pale ufukweni, ipo tangu 1987, na punda wetu hutibiwa bure. Mtoto wa wifi yangu, wa miaka mitano, alisimama pale akitazama punda akifungwa bendeji mguuni, akauliza, "Shangazi, na yeye atapewa peremende?" Tulikaa pale kuliko tulivyokaa ngomeni.

Kitu kimoja, vichochoroni punda akija na mzigo wa mawe hapunguzi mwendo kwa ajili yako. Ukisikia mtu nyuma anapiga kelele, bandika watoto ukutani.

Hatua ya 3: Shela asubuhi, kwa miguu

Maji yakiwa yamekupwa ni kama dakika 45 mkifuata ufukwe, na watoto saa nzima maana wataokota kila kombe. Tokeni mapema, bebeni maji ya kunywa na kofia, kwa sababu ukishaupita mji wa Shela huo ufuko mrefu wa kilomita 12 hauna kivuli hata cha kuazima. Milima ya mchanga ndo mchezo wenyewe, watoto wanapanda wanateleza na matako mpaka wachoke, na hulipi mtu. Waambieni wasing'oe mimea ya pale, mchanga huo ndo unaotuwekea maji ya visima. Kuogelea waogelee upande wa kijijini ambako kumetulia, kule mbele mawimbi yanavuta, na Agosti kusi bado kinavuma mimi siwaachi wapite magoti. Kina mama bebeni leso ya kujifunga mkitoka majini, mnapita katikati ya majumba ya watu na msikiti wa 1829 uko palepale.

Kurudi kama jua limewawia kali pandeni boti ya abiria, ile ya kuchangia na watu wengine. Mkisema tu "tunataka boti" mtapewa ya peke yenu, na bei yake ni ya peke yenu pia.

Hatua ya 4: Mashua moja, siku moja, na iwe Takwa

Hapa ndo pesa itatoka, kwa hivyo itumieni vizuri. Takwa ni magofu kule Manda, mji uliohamwa karne ya 17, kuna msikiti wenye nguzo juu ya kibla na kaburi la nguzo, na wazee wa Shela mpaka leo huenda kuomba dua. Mnaingia kwa mkondo katikati ya mikoko.

Nilikosea mara moja. Wifi yangu alitaka leso kwanza, leso zikala masaa mawili, na nahodha tuliyempata aliona maji yanatoka lakini pesa alikuwa ameshaishika. Kurudi, saa tisa hivi, mashua ikakaa kwenye tope. Wanaume wakashuka kusukuma wakazama mpaka magotini, haikwenda hata shubiri. Tukakaa. Usubi ulitula, biskuti pakiti mbili kwa watoto saba, nikawa nahesabu moja moja kama nagawa mirathi, na wifi kimya, halafu akasema taratibu, "Wifi, na haya maji yanarudi saa ngapi?" Tulifika Lamu isha imeshaadhiniwa.

Tangu siku hiyo namuuliza nahodha maswali manne kabla sijakubali: maji yanajaa saa ngapi, kule tunatoka saa ngapi, laifu jaketi za watoto ziko wapi (nizione, siyo "zipo"), na bei ni ya mashua nzima au ya kichwa. Hilo la mwisho lirudieni mbele ya watu, na nusu ya pesa ilipwe mkirudi. Tafuteni familia nyengine mchangie, mashua ya tanga inabeba watu wengi na haili mafuta kama spidi boti.

Hatua ya 5: Kula

Asubuhi mahamri na mbaazi, jioni baada ya magharibi viazi karai na mishkaki ufukweni, juisi ya ukwaju. Mkate wa mofa ununue ukiwa moto, ukipoa ni kazi ya meno. Hoteli za Shela tazameni tu.

Hatua ya 6: Kuondoka

Tiketi ya basi kateni siku moja kabla, na mabegi yafungwe usiku, boti ya kwenda Mokowe alfajiri haimsubiri mtoto anayetafuta kiatu. Na wote waende choo kabla ya kushuka gatini, wote, hata yule anayesema hana haja.