Lowesheni majivu kabla ya kuyachekecha

Kwa wanakanisa mnaojiandaa kusaidia familia zilizounguliwa nyumba na moto wa nyika kutafuta vitu vyao kwenye majivu: kabla ya kugusa majivu, yapulizieni maji kwa bomba la mgongoni linalotoa manyunyu membamba. Subirini dakika chache, ndipo mchote kwa koleo ndogo na kuchekecha kwenye wavu wa matundu ya milimita 6 hivi. Unyevu hushikanisha chembe, vumbi haliruki, na pete au funguo hubaki juu ya wavu. Msimwage maji kwa mpira uliofunguliwa kwa nguvu: majivu yatageuka tope, yataziba wavu, na maji yake ni makali kama ya chokaa, huchubua ngozi. Vaeni glovu za mpira na mikono mirefu. Barakoa ya N95, inayochuja chembe ndogo sana za hewani, bado ni lazima (ya kitambaa haizuii chembe hizi, na ndevu huacha mwanya). Penye shaka ya asbesto (nyuzi za madini zilizotumika katika ujenzi, huharibu mapafu), hasa nyumba za zamani, kulowesha hakutoshi kabisa. Msiguse, waachieni wataalamu wenye vibali. Kila kinachopatikana mkabidhini mwenye nyumba, hata kikiwa kimeyeyuka. Ni yeye wa kuamua kipi kitupwe.